Kidole Kilichokuwa Likizo

Nasoma, ndiyo. Nausoma ujumbe wote, mpaka kile kijisehemu cha mwisho cha vigezo na masharti kuzingatiwa. Usinicheke, Nasreen. Hebu nipe hiyo miwani hapo kwenye kabati la vyombo, karibu na birika. Najua zamani ukija likizo ulikuwa unanikuta nafuta tu. Simu ikilia ting, nafuta, wala sijui imeandikwa nini. Ukaona babu yako mjanja. Na mimi nilijiona mjanja, tena sana, na huo ujanja ndio uliotaka kunitoa roho siku ile ya Jumamosi.

Sasa kaa nikuambie, maana bibi yako akikuhadithia atakwambia niliwanyima watu chakula, na atakuwa hajasema uongo.

Wewe unajua kazi yangu. Miaka thelathini na moja nimeunga kebo za simu chini ya barabara za mji huu. Shule niliishia darasa la nne, lakini ukiniingiza kwenye shimo pale Msimbazi, nipe tochi na kigoda, ndani ya kebo moja nene kama paja kuna nyaya mia nane, zimepakwa rangi rangi, na mimi nazijua zote kwa rangi zake kama unavyojua shangazi zako. Huu wa duka la Mhindi wa vitenge, huu wa msikitini, huu wa polisi. Unashika waya huu na huu, unasokota, unavika kimfuko, unaenda mwingine. Asubuhi mpaka jioni nasokota. Shaba ile si laini, inakula ngozi. Na baada ya kustaafu sikupumzika, nikafungua meza yangu pale Mchafukoge kwenye korido, nachomelea chaja na spika, mikono kila siku kwenye petroli na moto wa kuchomelea.

Kwa hiyo nyumba hii, jambo lolote la simu ni babu. Wapangaji wote babu. Mtu anakuja anasema babu, mtandao umekata, nishike simu wapi. Namwambia kaa chini. Watu wana tabia ya kuinyanyua simu juu kama wanamwonyesha Mungu. Mnara hauoni mkono wako. Mnara uko pale juu ya ghorofa, umezidiwa na watu, subiri zamu yako. Mwingine anasema babu, simu inanisikiliza, nimetaja godoro, sasa naletewa matangazo ya magodoro. Namwambia, enzi zetu mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza, ukichomeka kifaa kwenye waya unasikia watu wanagombana mahari, na hakuna aliyelalamika. Nilikuwa natia utani, lakini si utani wote.

Na maoni yangu makubwa kuliko yote yalikuwa haya: ujumbe wowote unaokuambia ufanye kitu, futa. Umeshinda gari, futa. Ile hela tuma kwenye namba hii, futa. Mjukuu wako kapata ajali shuleni, piga simu kwanza, halafu futa. Niliwafundisha nyumba nzima. Nikasema kampuni ya kweli haikuandikii, inakukata kimya kimya. Watu wakacheka, wakashika.

Sasa rudi nyuma kidogo. Ile miaka serikali iliposema kila laini isajiliwe kwa kidole na namba ya kitambulisho cha taifa, mimi nilikuwa nayo namba mapema kwa sababu ya mambo ya pensheni. Wengine hapa ndani walikuwa hawana. Foleni za vitambulisho zilikuwa zinaanza alfajiri, mtu anaenda siku nne harudi na kitu. Tarehe ya mwisho ikafika. Bibi yako hana, Haruna hana, yule wa chumba cha mbele anayeuza viatu vya mtumba pale Mchikichini. Paskalina hana, na ndiyo kwanza walikuwa wamehamia yeye na mumewe Athanas kutoka Songea. Nikasema leteni laini zenu. Nikaenda, nikaweka kidole changu mara nne. Laini nne, jina moja, Uledi. Kwangu mimi niliona nimefanya jambo la ujirani, kama kumshikia mtu mtoto.

Wewe usiseme sheria ilikuwa mbaya. Sheria ilikuwa sawa kabisa. Matapeli walikuwa wanatamba kwa sababu laini hazina mwenyewe. Mimi ndiye niliyeipinda, halafu nikasahau kuinyoosha. Watu baadaye wote walipata vitambulisho, kila mmoja chake, na hakuna aliyekumbuka kwenda kubadilisha. Laini inaita, nani atakumbuka.

Basi. Athanas ni dereva wa malori, unamjua, yule mrefu anayeinama mlangoni. Alipeleka mzigo Ndola, huko Zambia. Gari likaharibika, wakakaa kusubiri kifaa miezi miwili. Kwenye kukaa huko akaibiwa begi. Simu, leseni, pasi, kila karatasi yenye jina lake, vyote vikaenda. Jumatano moja usiku wa mapema Paskalina anaosha vyombo, simu ikaita namba ngeni ya nje. Ni Athanas, kaazima simu ya mtu. Akasema amepata dereva mwenzake wa kumpa lifti mpaka Tunduma, Jumamosi atakuwa mpakani. Sasa pale mpakani watamuuliza wewe nani, na yeye hana hata karatasi ya kufungia karanga. Atahitaji namba yake ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu ishirini, na nani anazishika kichwani. Nakala yake ilikuwa humu ndani, kwenye kopo la biskuti la Paskalina. Akamwambia, nikifika nitaazima simu nikupigie, unisomee ile namba. Simu iwe mkononi. Kisha ikakata.

Unaona hapo. Athanas alikuwa na namba moja tu kichwani, ya mkewe. Ya kwangu hana, ya Haruna hana, ya tajiri wake hana. Siku hizi nani anashika namba. Mimi nilikuwa nazijua namba za Kariakoo nzima, sasa hivi hata ya baba yako siijui, nabonyeza jina lake tu. Simu zimetunyang'anya hilo na sisi tukashukuru.

Jumamosi asubuhi nimekaa hapo uani nakunywa chai, Haruna akatoka anaipiga simu yake kofi. Akasema babu, simu imekufa, nimempigia mteja haiendi. Nikamwambia izime uwashe. Akazima, akawasha, wapi. Nikachukua ya kwangu nimwonyeshe. Ya kwangu nayo hakuna huduma. Bibi yako akaleta ya kwake, hivyo hivyo. Halafu nikamwona Paskalina kwenye mlango wa chumba chake, kashika simu kwa mikono miwili kama kashika yai. Akanigeuzia kioo nione.

Haruna ndiye aliyegundua. Bibi yako hajui kufuta ujumbe, hajawahi kujua, kwa hiyo kwenye simu yake umo ujumbe wote tangu ainunue. Haruna akakaa anasoma. Akakuta umeandikwa mara tatu, mwezi mzima, umetoka kwa kampuni yenyewe: namba hii imesajiliwa kwa jina la Uledi, mmiliki afike dukani ahakiki kwa kidole kabla ya tarehe fulani, la sivyo itafungwa. Tarehe yenyewe ilikuwa jana yake. Na mwisho wameandika, aliyefungiwa ana siku moja ya kuirudisha, ikipita namba itauzwa kwa mtu mwingine.

Paskalina akasema taratibu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira:

"Mimi nilikuletea, babu. Nilikuuliza huu nao? Ukasema futa."

Nilisema, ndiyo. Nakumbuka mpaka nilipokuwa nimesimama, nilikuwa nachomelea waya wa pasi. Sikuangalia hata kioo.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia bibi yako, leo hapa hapaliwi chakula mpaka simu ya Paskalina iite. Si changu, si cha mtu. Bibi yako ndiyo kwanza alikuwa kakuna nazi. Akasema:

"Sasa Baba Hashimu, jiko langu limekukosea nini?"

Nikasema halijakosea, lakini mtu anayesubiri mumewe mpakani hawezi kula, na sisi hatuwezi kukaa tunatafuna mbele yake kwa kosa langu. Pika, funika. Nikavaa kanzu, nikachukua kitambulisho. Paskalina akachukua cha kwake na kile kikopo cha biskuti chote, hakutaka kukiacha. Haruna akasema anakuja, biashara ya viatu bila simu ni kukaa kuangaliana na viatu. Tukaondoka saa nne.

Tulitembea kwa miguu. Kufika Kariakoo jua limeshakaa vizuri, na umeona mwenyewe Jumamosi pale, mtu anakusukuma kwa bega na rundo la ndoo. Chini ya mwavuli kona ya Mtaa wa Kongo kuna kijana wa kusajili laini, akasema njoo mzee wangu, dakika mbili. Nikakaa. Akanipa kile kimashine, weka kidole gumba. Nikaweka. Kikawaka chekundu. Weka tena. Chekundu. Akanipangusa, akanipulizia, weka tena. Mara ya nne nikaondoa mkono.

Hapo nikuambie kitu na wewe ukishike, maana hiki si cha kufuta. Ukiwa barabarani mtu akikwambia weka tena, weka tena, muulize kwanza kioo kimeandika nini. Wapo wanaosema haijasoma na kumbe imesoma, ukiweka mara ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lako, wanaenda kumuuzia tapeli. Simsemi yule kijana, pengine alikuwa mkweli kabisa. Lakini mimi nilishatoa kidole changu ovyo mara moja, nikaona matunda yake. Nikamshukuru, nikainuka. Haruna akasema babu umeanza kuogopa uzeeni. Nikamwambia nimechelewa kuanza.

Tukaenda duka lenyewe la kampuni, upande wa Mchafukoge, lile lenye vioo na baridi kama chumba cha maiti. Tukachukua namba ya foleni. Mia moja na sitini na kitu, na waliokuwa wanaita ni tisini. Tukasubiri. Mimi nilikaa, Haruna alikaa, Paskalina hakukaa. Nilimwambia mara mbili, mwanangu kaa, kasema yuko sawa. Alisimama kashika lile kopo na simu imekufa mkononi, kila baada ya muda anaitazama kama vile itamwonea huruma.

Saa saba na nusu tukaitwa. Dirishani yuko binti anaitwa Zulekha, jina lake limebandikwa kifuani, kajitanda vizuri. Akasema shikamoo babu, nikasema marahaba mwanangu, nikamweleza yote bila kuficha. Kwamba laini nne ni zangu kwa jina, lakini moja tu ni yangu kwa haki. Akanisikiliza. Akasema inawezekana, nitaweka kidole kuzifungua, halafu nitaweka tena kuiachia ile ya Paskalina na yeye ataweka cha kwake kuipokea, itakuwa yake moja kwa moja. Roho yangu ikatulia.

Kidole gumba cha kulia. Chekundu. Cha shahada cha kulia. Chekundu. Kushoto, gumba, chekundu, shahada, chekundu. Zulekha akatoa kitambaa, akanipangusa. Akatoa mafuta yake ya mkono kwenye pochi, akanipaka mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama ananiandaa kwa harusi. Vyekundu vyote. Akanigeuza mkono chini ya taa, akatazama. Akasema:

"Babu, hapa hamna kitu. Pametakata."

Nikatazama na mimi. Kweli bwana. Vile vimistari vyote vya duniani ambavyo kila mtu kapewa, vyangu vimekwisha. Laini kabisa, kama kijiko. Miaka ile nilipowasajilia wenzangu vilikuwa vinasoma kwa tabu, na mwaka huu vimeisha. Nimevisokota vyote kwenye nyaya za watu.

Zulekha akamwita mkubwa wake, bwana mmoja mnene wa heshima, Beno. Si mtu mbaya, nasema tena. Akaeleza utaratibu: mtu ambaye vidole havisomi anaenda ofisi ya vitambulisho, anapewa barua, anarudi nayo. Nikamuuliza ofisi hiyo leo imefunguliwa. Akasema Jumatatu. Nikamuuliza na hizi namba. Akatazama chini, akasema duka linafungwa saa kumi, na namba zisizohakikiwa zinaondoka zenyewe, haziondolewi na mtu. Nikamwambia kuna binadamu mpakani anapiga namba hiyo sasa hivi. Akasema anaelewa, lakini mashine haielewi, na yeye akifungua laini bila kidole, kesho atafungua nyingine kwa tapeli, na atakuwa kafanya yale yale.

Na hapo ndipo penye ubaya, Nasreen, maana alikuwa sahihi. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningesema hivyo hivyo. Kama angekubali ningefurahi, lakini moyoni ningemdharau.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya dirisha lile lile. Nikasema siondoki mpaka saa kumi, nyie endeleeni na watu. Mlinzi akaja akauliza mzee vipi, nikamwambia natafuta kidole. Akaenda kumwambia mwenzake, nikawaona wanatazamana. Haruna akaniambia sikioni twende babu, watatupiga picha watuweke mtandaoni. Nikamwambia waweke, pengine Athanas ataiona.

Saa nane ikapita. Saa tisa. Njaa ilikuwa imeshauma ikachoka. Paskalina kasimama vile vile. Sijui alikuwa anawaza nini, lakini alikuwa ananitazama mikono, nimeiweka magotini. Mara akauliza, kama mtu anayezungumza ili asilie:

"Babu, hizo nyaya ulikuwa unazishika vipi?"

Nikamwonyesha. Hewani, hivi. Gumba na shahada vinashika, cha kati kinasukuma, unasokota, unasokota. Mikono inakumbuka yenyewe, ilikuwa inaenda tu, na nilikuwa hata sitazami. Haruna akaangua kicheko. Akasema:

"Angalia vile vidogo vilivyosimama. Wenzao wanafanya kazi, vyenyewe viko likizo."

Nikatazama. Kile cha mwisho, mkono wa kushoto, kimesimama juu kama cha bwana mkubwa anayekunywa chai. Ndivyo tulivyofundishwa, Nasreen, siku ya kwanza kabisa, na fundi mkubwa aliyekuwa anatupiga rula: kidole cha mwisho kaa mbali na waya, utachanganya rangi. Miaka thelathini na moja nimekiinua. Hakijashika shaba, hakijashika petroli. Nikakisogeza karibu na miwani. Vimistari vimejaa, vinazunguka, kama vya mtoto mchanga.

Nikainuka, nikamwita Zulekha. Nikamuuliza mliponipiga alama kwenye kitambulisho cha taifa mlichukua vidole vingapi. Akasema sio wao, lakini huchukuliwa vyote kumi. Nikamuuliza na mashine yako inataka kipi. Akasema wao huweka gumba au shahada. Nikasema sijauliza nyinyi, nimeuliza mashine. Akatazama kioo, akabonyeza mahali, akabonyeza tena, nikamwona anasoma. Akasema kuna orodha, vipo vyote kumi, ila miaka yake mitatu pale hajawahi kuchagua kile. Akamtazama Beno. Beno akasogea, akasoma na yeye, akakuna kidevu. Akasema hakijakatazwa.

Saa tisa na dakika arobaini. Zulekha akachagua kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Nikakiweka.

Kijani.

Haruna akasema wewe mzee, wewe mzee, mpaka watu wa foleni wakageuka. Zulekha akaniambia weka tena babu, nikamuuliza kioo kimeandika nini, akacheka, akanigeuzia nisome mwenyewe. Kimeandika: kuhamisha umiliki. Nikaweka. Halafu Paskalina akaweka cha kwake, gumba, na kikakubali mara ya kwanza, maana yeye bado kijana. Haruna akahamishiwa ya kwake, ya bibi yako ikafunguliwa mpaka atakapokuja mwenyewe. Beno akanipa mkono. Nikampa wa kulia, wa kushoto nikautia mfukoni.

Tulikuwa hatujafika mlangoni simu ya Paskalina ikalia ting. Akaruka. Sote tukaisogelea. Ujumbe umeandikwa: ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine inasumbua. Tapeli, mwanangu. Wa kwanza kabisa kutukaribisha. Na sijawahi kumpenda tapeli kama siku ile. Haruna akataka kumjibu asante.

Tukarudi nyumbani. Bibi yako alikuwa amepika wali wa nazi, kisamvu, na samaki wa kukaanga, amevifunika na kukaa mbele ya sufuria kama askari wa benki. Akauliza imeita. Nikasema imefunguka. Akasema sikuuliza hivyo, wewe ulisema mpaka iite. Unamjua bibi yako, ukimpa neno analishika kwa mkia. Basi mkeka ukatandikwa, maji ya kunawa yakaletwa, na hakuna aliyenawa. Paskalina akasimama kwenye mlango wa uani, kaiinua simu juu kwa mkono. Nikataka kumwambia mnara hauoni mkono. Nikaacha. Nikanyamaza na elimu yangu.

Nilikuwa nawaza mambo mengi. Kwamba pengine alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaambiwa namba haipatikani, akakata tamaa, na sasa kawekwa chumba fulani. Au aliyemwazima simu kaondoka. Wali ukaanza kupoa.

Saa kumi na mbili kasoro ikaita. Namba ngeni, lakini ya hapa hapa nchini. Paskalina akabonyeza spika bila kutaka, tukasikia wote. Upepo, malori yananguruma, halafu sauti ya Athanas, imekasirika kweli kweli:

"Wewe mwanamke, tangu asubuhi umezima simu unafanya nini?"

Paskalina akasema:

"Babu alikuwa anatafuta kidole."

Athanas akauliza nini. Akamwambia atamweleza, asikilize kwanza. Akapiga magoti pale pale mlangoni, akafungua lile kopo, akatoa nakala, akaanza kusoma tarakimu. Moja moja, polepole, kama anamvusha mtoto barabara. Akasoma mara mbili. Tukasikia Athanas anazirudia kwa mtu pembeni, na yule mtu anabonyeza bonyeza. Hapa ndani hata kuku hakulia. Tukasikia mtu yule anasema jina zima la Athanas, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya kuchoka ya mtu wa ofisini. Athanas akasema ndiyo, ndiyo mimi. Akarudi kwenye simu, hasira imeisha, akasema atalala hapo kwa dereva mwenzake, kesho atapanda basi la asubuhi. Akauliza mmekula. Paskalina akasema bado. Athanas akashangaa, saa hizi, kwani kuna nini huko.

Nikamwambia bibi yako, pakua.

Akapakua. Haruna akanawa wa kwanza, maana aibu hana. Mimi nikanawa, nikakaa upande wa ukuta. Bibi yako akakaa, akanisogezea kichwa cha samaki, na ukimwona bibi yako anatoa kichwa ujue amesamehe. Paskalina alikuwa bado kapiga magoti mlangoni, anarudisha ile karatasi kwenye kopo, anafunga mfuniko, anaufungua, anahakikisha, anafunga tena. Kisha akaja. Akaiweka simu chini ya paja lake, akanyoosha mikono, bibi yako akammiminia maji. Siku nzima nilikuwa sijamwona amekaa. Akakaa. Tukasema bismillahi, yeye akapiga alama ya msalaba, tukatia mkono kwenye sinia.